Mlango wa Upande wa Ziwa

Mimi ni tolier, fundi wa kunyoosha bodi za magari, na hasira zangu ziko karibu, sifichi. Kinachoniudhi kuliko vyote ni mlango wa gari wenye uwazi usio sawa. Ule mstari mwembamba kati ya mlango na bodi lazima uwe mmoja kuanzia juu mpaka chini. Wako mafundi wanaouziba kwa mastiki, wakapaka rangi, wakasema kazi imekwisha. Hao siwasalimii.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, lile la michezo, viti viwili, bila paa. Mwenyewe ni mzee mmoja mfanyabiashara wa Bukavu. Lilikuwa la baba yake, akalipakia kwenye lori, akavuka nalo mpaka, akaniletea karakanani kwangu Kamembe, mlimani juu ya ziwa, nilirudishie uhai. Vyuma vya chini ya milango vilikuwa vimeoza kabisa. Gari lisilo na paa ni kama boksi la viatu bila kifuniko: ukishusha kona moja, lote linapinda. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote nililisimamisha juu ya miguu minne ya chuma, nikahakikisha limelala sawa, nikachomelea vyuma vipya, nikapachika milango na kutia alama za msumari kwenye bawaba. Kisha nikapitisha kipimo changu, kipande cha plastiki nilichokata kwenye bidoni la njano la kuchotea maji. Kilipita pote, milango yote miwili. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Asubuhi mlango wa upande wa ziwa ulikuwa umeharibika. Juu uwazi umepanuka, chini kipimo kinakwama.

Nililaumu bawaba. Nikalegeza, nikasogeza, nikakaza, ukawa sawa. Mvua ikanyesha, ukaharibika tena, vile vile, upande ule ule. Nikalaumu uchomeleaji wangu, nikalaumu chuma, nikamlaumu hata aliyeniuzia boliti. Mwenye gari akaanza kunitazama kwa jicho la mtu anayedhani kumbe amempelekea gari fundi wa mastiki. Hilo liliniuma kweli.

Yaya, dada yangu mkubwa, alicheka mpaka akashika kiuno. Tulikulia wote Bukavu, tukarudi huku wote, na nyumba yake ilikuwa chini kidogo tu ya karakana yangu. Katikati palikuwa na ukuta wa mawe, ulioshikilia kiwanja changu kisije kikamwagikia paa lake. Anauza sambaza, vile visamaki vya Nkombo, sokoni, mume alishafariki, aliishi peke yake, na mdomo haujawahi kumpungukia. Mchagua jembe si mkulima, alinitupia. Kisha akaniambia, kama anayetaja bei ya chumvi, kwamba hata mlango wake wa nyumba umeanza kukwaruza sakafu, na fundi wa mbao ameshaupiga randa mara mbili. Nikamjibu kwamba mbao hunywa maji wakati wa mvua, aniachie vyuma vyangu.

Mambo niliyaona, ila sikuyatazama. Oili iliyomwagika sakafuni ilikuwa zamani inatuama palepale; siku hizo ilikimbilia upande wa ziwa. Ukuta ulitoa maji kati ya mawe hata siku ya jua. Na kwenye simenti, chini ya mguu mmoja wa nyuma, palikuwa na ufa mwembamba. Niliupitishia ufagio nikaendelea na kazi.

Mwishowe nikasema basi. Nilirudisha bawaba kwenye zile alama za siku ya kwanza, nikashusha gari kwenye magurudumu, nikamwambia mwenyewe tulivute mpaka Gihundwe, kwenye kiwanja cha zege cha shemeji yake, aone mwenyewe kama kosa ni langu. Yaya hakukubali kuachwa. Aliweka maharagwe jikoni, akaja kukaa kwenye usukani, kitenge cha kanisa kichwani, akiwapungia mkono watu wa moto, wale wa pikipiki za abiria, kama mke wa waziri. Nilicheka njia nzima.

Pale Gihundwe nikalisimamisha tena juu ya miguu yake minne. Nikatoa kipimo. Kilipita juu, kikapita ubavuni, kikapita chini bila kugusa. Yaya akafunga mlango kutoka ndani, ukalia mara moja tu, tap. Mwenye gari akanikumbatia.

Mimi nilipitisha kipimo tena. Kama bawaba hazina kosa na vyuma havina kosa, basi kilichokuwa kinapinda hatukukivuta mpaka Gihundwe. Tulikiacha kule mlimani, chini ya karakana.

Nikamuuliza yaya mlango wake unakwaruza upande gani.

"Upande ya ziwa," akasema. "Juu inafunguka, chini inakatala." Akashuka garini polepole, akatazama mawingu yaliyokuwa yanapanda kutoka Bukavu.

"Maharagi yangu iko ku moto," akasema. "Niende niitoshe, nifunge nyumba, nikuye."

Nilimshika mkono kwa nguvu, mbele ya watu, mimi mdogo wake. "Acha iungue, yaya."

Alinitukana kwa Kimashi mpaka nyumbani kwangu, ambako si mbali na pale, huku nikimpigia simu mkuu wa umudugudu, mtaa wetu wa karakanani, azuie watu kupita chini ya ule ukuta. Mvua ilianza alasiri. Ukuta ulishuka kabla ya giza, na karakana yangu nzima nyuma yake. Palipokuwa na jiko la yaya pakawa udongo mwekundu na mawe. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Waliochimba walimletea sufuria yake, imekunjika kama karatasi, maharagwe yameshika ndani.

Sasa yaya anaishi nasi. Gari lilishavuka mpaka kurudi kwao, lakini kile kipande cha njano alikichukua yeye. Kila asubuhi kabla ya chai anakipitisha kwenye mlango wangu wa mbele, kutoka juu mpaka chini. Mwanzoni nilikuwa namtania. Jumapili iliyopita nilimkuta amesimama pale, ameshavaa kwa kanisa, kipande kimekwama, vidole vyake bado vimekishika.

"Mbao inakunywa maji wakati ya mvua," nilimwambia.

Alikwenda jikoni, akaipua maharagwe, akazima moto.