Nyonga ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu, yaani mdogo wake mama, ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa. Anaosha vyombo kwenye kantini ya kiwanda cha nguo, na mwaka huu ni wa kumi na tisa. Wenzake wanamwita Mama Sahani. Ni mfupi, goti la kushoto bovu, na si mtu wa maneno mengi. Lakini sahani anazisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Mhasibu akirudisha chakula hajakigusa, mama mdogo anakwambia nyumbani kwa mhasibu hapakaliki. Yule wa stoo akianza kubakiza nyama, basi jino limerudi kumsumbua. Na hakosei. Siku moja alimwambia dereva aende hospitali akapime sukari, kwa kuona tu vikombe vyake vya chai, na kweli dereva akakutwa nayo.

Mimi ni fundi wa mashine za jikoni. Shule niliiacha darasa la sita, ila usinidharau, mashine zikiniona zinaniamkia shikamoo. Oveni, friji, mashine ya kusaga, lete hapa. Wapo mafundi wenye vyeti ukutani ambao wakikwama wananipigia simu wakinong'ona, ili mteja asisikie.

Pale kiwandani aliniingiza yeye. Alimwendea meneja wa kantini akamwambia, "Nina mwanangu fundi." Hakusema mtoto wa dada. Alisema mwanangu.

Kazi ilikuwa mashine ya kuosha vyombo. Ni sanduku kubwa la chuma, mlango wake unafunguka kwa kulala mbele. Juu ya mlango kuna komeo. Ukifunga, ulimi wa chuma unaingia kwenye tundu lake, unabonyeza swichi iliyo ndani, hapo ndipo mashine inakubali kurusha maji. Ulimi usipofika kwenye swichi, mashine inakununia, taa nyekundu inapepesa, basi. Mama mdogo kwa miaka yote hiyo alikuwa anaufunga ule mlango kwa nyonga. Mikono yote miwili imebeba trei, anaunyanyua mlango kwa mguu, anageuka kidogo, anausindikiza kwa nyonga, ta, umefunga, na yeye keshafika kwenye sinki. Ungependa kumwangalia.

Komeo la zamani lilikuwa limevunjika, nikafunga jipya. Nusu saa tu. Skrubu moja iliniponyoka ikapotelea chini ya mashine. Fundi mwoga angelala chini aitafute. Mimi natembea na kopo langu la skrubu zilizobaki kwenye kazi nyingine, na humo hakikosekani kitu. Nikachomoa moja, ikakaza vizuri, nikakabidhi kazi, nikapewa soda.

Baada ya wiki mbili nikaitwa. Komeo linagoma. Nikaenda asubuhi na mapema, nikaufungua mlango na kuufunga mara kumi na mbili, unaitika kila mara. Nikapima swichi kwa mita, nzima. Mpira wa mlango mzima. Bawaba nzima. Watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wananitazama huku wanakunywa chai, na mimi nikitazamwa huwa nanenepa.

Mama mdogo akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Asubuhi haina neno. Inagoma ikishapata moto, mzigo wa tatu au wa nne wa vyombo."

Nikamjibu mbele ya watu, "Mama mdogo, niachie mimi mashine, na mimi nikuachie sahani."

Wakacheka. Na mimi kicheko kikianza sijui kukiacha njiani. Nikamgeukia meneja, nikamwambia komeo lile limetengenezwa lifungwe kwa mkono wa binadamu, nyonga ya mama yangu mdogo ni ya kufungia geti la kiwanda. Kantini nzima ikavunjika mbavu. Mpishi alishika meza. Mama mdogo naye alitabasamu, akafuta mikono kwenye aproni, akarudi kwenye sinki.

Ule mzaha haukuisha siku ile. Wafanyakazi wakawa wakimwona anapita wanajibanza ukutani wakisema tupishe nyonga. Alianza kufunga mlango kwa mkono, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mashine iligoma vilevile, na kila ikigoma meneja alikumbuka maneno yangu. Siku moja akamwita, akamwambia ameona amhamishie kwenye usafi wa ofisi, kufagia na kupiga deki ngazi. Ofisi zenyewe ni ghorofa nne. Lifti ipo, lakini ni ya wakubwa na mizigo.

Mimi niliambiwa kwa simu na mpishi. Nikasema ah, atapumzika kushika maji ya moto. Nilisema hivyo kabisa.

Jikoni wakamweka mama mwingine, mwembamba kama mpini wa ufagio, huyo nyonga hana hata ya kuazima. Siku ya tatu mashine ikamgomea. Wiki yake ya pili nikaitwa tena. Safari hii nilifika saa saba mchana, kwa sababu asubuhi nilikuwa na kazi kwingine, na mashine ilikuwa imeshaosha mizigo minne. Nikafunga mlango, kimya. Nikafunga tena, taa nyekundu. Nikafungua bati la ndani, bado lina moto wa kuunguza vidole, nikamulika tochi.

Niliiona mara moja. Skrubu mbili zinashika komeo. Moja fupi. Nyingine ndefu, ncha yake imetokeza upande wa pili, imeuchora ule ulimi wa chuma mstari unaong'aa. Mashine ikiwa baridi, ulimi unapita pembeni ya ncha, nafasi ni ya unene wa karatasi. Bati likipata moto linatanuka, nafasi inakufa, ulimi unakwama kwenye ncha kabla haujafika kwenye swichi. Mzigo wa tatu au wa nne. Ile ndefu ilikuwa ya kopo langu.

Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Yule mama mwembamba alikuwa amenipa mgongo anasugua sufuria. Nikaitoa, nikaweka fupi, nikaitia ile ndefu mfukoni. Mashine ikaunguruma. Meneja akaja, nikamwambia komeo lilikuwa limechoka, nimelirekebisha. Akasema, "Kumbe yule mama alilimaliza kabisa." Sikumjibu. Mimi, ambaye mke wangu anasema hata usingizini nabishana.

Jioni nilipita kwa mama mdogo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, goti limevimba, amelifunga kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Viatu vya kazi ameviweka mlangoni, kimoja kimeliwa soli upande mmoja kwa kuchechemea. Akafurahi kuniona. Akaniambia habari ameshazipata, mwanangu umeitengeneza, hongera. Halafu akasema ghorofa ya tatu mtu hajui nani anaumwa na nani amegombana, vikapu vya taka vina karatasi tu.

Akakikaza kitambaa cha goti. "Ile mashine, ilikuwa inagoma ikipata moto?"

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, hana mtego. Nikaingiza mkono mfukoni nikamwekea skrubu kwenye kiganja. Nikamweleza yote, kopo, ncha, karatasi, bati. Nilijaribu kutia utani katikati, ukakauka mdomoni.

Aliigeuzageuza ile skrubu. "Mimi nilikuwa najua si nyonga yangu," akasema. "Kwa hiyo mimi si wa kuambiwa. Waliocheka ndio hawajui." Akanirudishia.

Kesho yake nilifika kantini saa ya chakula, watu wamejaa. Nikaomba sahani moja safi, nikaweka skrubu katikati, nikaipeleka kwenye meza ya meneja. Nikasema kwa sauti ile ile niliyosemea mzaha, ili waliokaa mwisho wasikie: komeo nililiharibu mimi, mama yangu mdogo aliniambia tatizo lilipo nikamzima, nyonga yake haijawahi kuvunja kitu. Nilitegemea wacheke. Wachache walicheka, wakanicheka mimi, lakini wengi walitazama sahani zao. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Meneja akaniuliza kwa nini jana sikusema. Nikamwambia ukweli, niliona aibu. Akakaa akiitazama ile skrubu, kisha akasema Jumatatu Mama Sahani arudi jikoni, na kuanzia sasa fundi yeyote akitengeneza kitu humo ndani, mimi nikiwa wa kwanza, haondoki mpaka yeye amekagua.

Kwa hiyo siku hizi, mimi ambaye mashine zinaniamkia, nasimama na boksi langu la vifaa kama mwanafunzi mpaka mama mdogo aseme nenda. Na yeye husubiri mpaka mzigo wa nne uishe. Goti lake halijarudi kama zamani. Zile siku kumi na sita za ngazi zimebaki humo.

Wiki iliyopita nilikwenda kubadilisha mpira wa mlango. Alikuja na trei mbili mikononi. Nikamwambia, "Mama mdogo, funga tu kwa nyonga. Komeo linastahimili, naapa."

"Nimeshazoea hivi," akasema.

Akaweka trei chini, moja, halafu ya pili. Akaunyanyua mlango kwa mikono yote miwili, akausukuma taratibu mpaka ukaitika, akangoja taa ya kijani. Kisha akainama kuziokota trei zake, mkono mmoja umeshika goti.