Kiti cha Wawili

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa ya mbio, na niliipenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote pale Shinyanga. Niliipata miaka ya sabini kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekuwa anahama nchi, akaona heri aniachie mimi, fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba, kuliko iozee stoo. Usukani wake ulikuwa chini, ukiendesha unalilalia tangi kama mtu anayeumwa tumbo. Kiti kilikuwa cha mtu mmoja, kifupi, kigumu. Nikiiwasha nyumbani Ngokolo, watu wa Ibadakuli wanajua nimeamka. Njiani kila mtu alinipisha, nami nikadhani naheshimiwa. Kumbe wanakimbia vumbi.

Nyumbani nilikuwa na mama tu. Mke nilioa, tukashindwana, akaenda zake. Hiyo nayo ni habari ndefu na sina hamu ya kuisimulia. Baba alipofariki huko kijijini kwetu Kharumwa, nilimchukua mama nikamleta mjini apumzike. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, ningefanyaje? Jembe lake nilimwambia aliache kulekule. Sikutaka watu waseme fundi mzima anashindwa kumlisha mama yake. Siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba amechimba kijituta cha viazi kwa kipande cha bati. Nikamfokea. Naam, nilimfokea mama yangu mzazi kwa ajili ya viazi. Akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani.

Majirani walikuwa Waswahili, watu wa biashara wenye asili ya pwani, na ubaya wao siujui. Mwezi wa Ramadhani walimletea mama vitumbua. Watoto wao walimwamkia shikamoo bibi, naye akaitikia marahaba, mazungumzo yakaishia hapo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Kisukuma alikiweka akiba mpaka mimi nirudi jioni, nami nikirudi nasema nimechoka, kisha nachukua kitambaa naenda kuifuta pikipiki. Nilikuwa naifuta saa nzima. Mama anakaa barazani ananitazama. Tulikuwa wapweke wawili ndani ya nyumba moja, na kila mmoja alidhani mwenzake yuko sawa.

Asubuhi moja akaniuliza, "Hicho chuma chako hakiwezi kunifikisha kwa dada?"

Dada yake, mama mkubwa wangu, alikuwa mjane kama yeye, na alibaki Kharumwa. Gari la abiria lilikuwa likipita linapotaka lenyewe, na lori la pamba mama alishalipanda mara moja, akatapika mpaka Solwa. Lakini mimi nikacheka. "Mayu, mama, utakaa wapi? Juu ya taa?"

Hakucheka. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele.

Hiyo "haya" ilinikaa kifuani wiki nzima. Kazini nikawa nakaza nati nilizokwisha kuzikaza. Nilimtazama mama nikaona amepungua, na si kwa njaa, maana chakula kilikuwapo. Nikajisemea: anahitaji matembezi. Nikiwa na pikipiki ya maana nitampeleka kwa dada yake, nitampeleka kanisani, nitampeleka mnadani akaangalie ng'ombe, kisha tutarudi nyumbani pamoja na atakuwa na la kusimulia. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, na sehemu ya kurudi pamoja niliifikiria sana.

Mnunuzi mmoja wa dhahabu wa upande wa Geita, kijana mwenye meno ya kung'aa na biashara ya kujificha, alikuwa ameimezea mate pikipiki yangu siku nyingi. Yeye alikuwa na ile ya safari: usukani umeinuka, springi laini, matairi ya kukanyaga tope jeusi la mbugani, keria nyuma, na kiti kirefu kipana cha watu wawili. Aliionea haya. "Hii ni ya wakunga," aliniambia. Tukabadilishana papo hapo, kila mtu akidhani amempata mwenzake. Alipoondoka na yangu, mlio ule ukipungua kuelekea barabara ya Mwanza, machozi yalinilengalenga. Sioni aibu kusema.

Kazini walinicheka mpaka basi. "Fundi amezeeka!" "Fundi, leo unazalisha wapi?" Niliwaacha wacheke. Pikipiki ile mpya ilikuwa haina kelele, haikimbii, na ukiteremka mgongo hauumi. Kwa mara ya kwanza niliona mashamba ninayopita.

Jumamosi tukaondoka. Mama alikaa upande, miguu pamoja, mkono mmoja umeshika shati langu. Kilomita za mwanzo alikuwa kimya, nikadhani anaogopa. Kisha nikamsikia anaongea. Loo! Aliongea njia nzima. Huyu mtama wake umeshambuliwa na ndege, yule ameezeka vibaya, pale zamani palikuwa na kisima. Kila tuliyekutana naye alimpigia kelele za salamu, "Mwangaluka!" na watu wakaitikia wakicheka. Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Niliona furaha ambayo ile ya mbio haikunipa hata siku moja, na nikajilaumu kwa miaka niliyoipoteza nikifuta chuma.

Kharumwa mama mkubwa alipiga vigelegele kabla sijazima injini. Wakashikana mikono, wakaingia ndani, wakanisahau uani. Wakala michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, wakacheka mambo ya usichana wao. Nilikuwa sijui kwamba mama anacheka kwa kupiga mapaja. Nikamwacha akae wiki moja, nikarudi mjini kazini.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumchukua. Nilikuwa nimefunga mto kwenye kiti, akae vizuri zaidi. Nilimkuta shambani kwa dada yake, kwenye karanga, jembe mkononi, jasho linamtiririka, uso umejaa. Nikamwambia, "Mayu, jiandae, twende kabla ya jua kali."

Akaegemea mpini. "Nenda, mwanangu. Mimi nimefika."

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa. Nikamwambia kule ndiko nyumbani. Nikamwambia watu watanisema. Mwishowe nikapandisha sauti, "Pikipiki yangu nimeiacha kwa ajili yako!"

"Najua," akasema. "Ulifanya vema. Nilikuomba unilete hapa na umenileta. Kule kwako nilikuwa nakula na kulala. Hapa nina mtu wa kuongea naye."

"Na mimi?"

Akaliweka jembe chini. "Wewe nilikusubiri, baba. Nilikusubiri kila jioni."

Mama mkubwa alijifanya anang'oa majani.

Vitu vyake vya kule mjini vilichukua safari mbili. Nilivifunga mwenyewe kwenye keria: sanduku la bati, blanketi, kigoda, nguo zake za kanisani. Pikipiki ilibeba vyote bila taabu, hata kwenye tope, maana ndiyo kazi iliyotengenezewa. Safari ya mwisho walinipikia kuku, wakanishukuru wote wawili, wakanisindikiza mpaka njiani. Mama akaniambia niende polepole.

Nilikwenda polepole. Sikuwa na haraka ya kufika kwenye nyumba ile.