Mdomo Kwanza, Salamu Baadaye

Mtaa mzima wa Jabe hakuna fundi baiskeli wa kunishinda. Anayebisha alete baiskeli yake. Lakini leo namsifu dada yangu Mwanamwema, mshona nguo, ingawa ujasiri wake aliurithi kwangu. Yeye anakataa hilo.

Mumewe alifariki mwaka vita vilipoanza, akamwachia watoto watatu na cherehani. Mwanamwema akaweka sheria mbili. Ya kwanza: asubuhi hakuna salamu kabla ya mswaki. Siku moja niliingia na "Hamjambo wanangu!" yangu kubwa, watoto wote wakaziba midomo kwa viganja, wakanitazama kama mabubu. Nikadhani wamefundishwa jeuri.

"Salamu ni dua, Kaka," akaniambia. "Dua haitoke mu mudomo muchafu."

Sheria ya pili: anayesema kweli hachapwi.

Mwaka wa tisini na saba nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na sukari ikawa kama dhahabu. Mwanamwema akafurahi! Eti meno ya watoto yatapumzika. Mimi nikaona huo ni ukatili. Mteja wangu Bahizire alikuwa akiniletea kwa magendo bombo kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, zile pipi ngumu za kunata, nami nikawa nampitishia Najla, kitinda mimba, miaka tisa, moja kila jioni.

"Siri yetu," namwambia.

"Siri, Mjomba."

Kumbe analala nayo shavuni.

Asubuhi moja nikakuta shavu limevimba kama limeficha ndimu, na mama yake ameshika fimbo.

"Najla, nani alikupa sukari?"

Kweli ingemwokoa, lakini alikuwa amenipa neno lake. Machozi yanatiririka, mdomo haufunguki.

"Nauliza mara ya mwisho."

Fimbo ikapanda. Mimi, mwanamume wa miaka arobaini na miwili, nikautazama mlango. Halafu nikamtazama mtoto.

"Ni mi," nikasema.

"We?"

"Mi."

Fimbo ikashuka polepole. "Wallahi, una bahati na sheria yangu."

Tukaenda kwa Léonce, mng'oa meno wa mtaa wa Nyakabiga. Askari wa kizuizi cha barabarani aliliona lile shavu, akatupisha bila kuuliza karatasi. Léonce akachungulia, akatikisa kichwa. Sindano ya ganzi ilikuwa imekwisha, na haijulikani nyingine itavuka mpaka lini.

"Tunaweza kungoja, Mama. Lakini usaha inapanda."

Mwanamwema akamkalisha mtoto kitini. "Ng'oa."

Nikainama kwa Najla. "Haiume, mutoto wangu. Ni kama sisimizi tu."

"Unamudanganya tena?" Dada akanisukuma kando, akamshika binti yake uso. "Itauma. Itauma sana, kisha itaisha. Shika mukono yangu, ufinye mpaka ivunjike."

"Naweza kulia, Mama?"

"Lia. Ila usifunge mudomo."

Najla alilia mpaka njiwa wakaruka kwenye bati. Mdomo hakuufunga. Mimi nilikuwa nje, nimeziba masikio; liandikwe hilo pia.

Siku tatu Mwanamwema hakuweza kushika mkasi, vidole vimevimba. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa: "Tazama nguvu ya binti yangu!" Nguo zikachelewa, yeye anacheka.

Siku ya nne nikapiga hodi, "Hamjambo wanangu!" Najla akatoka na mswaki mpya wa mti, akaniwekea mkononi.

"Mudomo kwanza, Mjomba."

Nikapiga mswaki pale pale mlangoni, jirani yao Odette akishikilia ukuta kwa kicheko, Mwanamwema akinisimamia kama askari, mpaka magego ya nyuma.

Leo Najla ni mtu mzima, ana meno thelathini na moja, meupe kama maziwa. Jabe wanamsifu mama yake, na wana haki. Mimi nikifika kwao asubuhi, hadi leo, sisalimu. Naonyesha meno kwanza.