Mtaa wetu wa Panda ulimwachia Mbuyi huru jukwaani, kisha ukamshitaki kweli

Wakuu, habari za jioni. Leo nina kisa cha kwetu Likasi, mji wa migodi ya shaba, miaka ile ya tisini, viwanda vinakufa na mishahara imegeuka hadithi. Sitaongeza chumvi, maana hata chumvi yenyewe ilikuwa haipatikani.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Panda, kwenye kambi za wafanyakazi wa shaba. Mwenzangu Mbuyi alifundisha hesabu. Wazazi wake walitoka mkoa wa mbali wa Kasai kuja kufanya kazi kiwandani, yeye akazaliwa hapo hapo Panda.

Wakati huo watu wa asili ya Kasai walishaanza kuambiwa na wenyeji warudi kwao. Wengi walikuwa wanalala stesheni wakisubiri treni.

Basi nikapata wazo (msinicheke). Darasani tulikuwa tumesoma riwaya ya zamani ya nchi ya mbali: mtu mweusi anashitakiwa kwa kosa asilolifanya, na wanaomhukumu ni weupe watupu. Nikasema tuicheze kwenye ukumbi wa parokia, mtaa ujionee ubaguzi ulivyo.

Kwetu mchezo wa kuigiza hauna karatasi. Unaambiwa tu kisa kinaelekea wapi, maneno unayatoa mwenyewe, na watazamaji wanakujibu. Mbuyi akawa mshitakiwa, kwa kuwa ndiye aliyejua kuigiza. Mimi nikawa wakili wake. Watazamaji tukawapa kazi ya kuhukumu.

Wakuu, watu walilia. Mama Odette, jirani yetu muuza unga, alipanda juu ya benchi: "Mumuachilie! Hana na kosa! Banamuonea juu ya ngozi yake!"

Ukumbi mzima ukamwachia huru. Nikarudi nyumbani najiona nimeponya taifa.

Siku chache baadaye jenereta ya parokia ikawa haionekani.

Nani alitoka ukumbini wa mwisho? Mbuyi, alibaki kukunja mapazia. Ikatosha. Siku zile Mkasai akipewa jina la mwizi, vijana hawakungoja polisi, walichoma nyumba. Na ndani ya nyumba ya Mbuyi kulikuwa na mke mwenye mimba kubwa. Niliogopa sana.

Chifu wa mtaa akaitisha kikao humo humo ukumbini. Benchi zile zile, watu wale wale. Mama Odette akaomba neno la kwanza: "Bakasai beko vile. Miye nilisemaka."

Nikamkumbusha kwamba juzi tu alimwachia huru. Akanishangaa kweli kweli.

"Ile ilikuwa mchezo, mwalimu. Na ule alikuwa muntu wa mbali."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananielimisha.

Nikiwa bado natetea, mlango ukafunguliwa. Fundi mmoja wa mtaa wa Kakontwe akaingia anasukuma mkokoteni, jenereta iko juu. Kumbe mlinzi wa ukumbi ndiye aliyempelekea aitengeneze, kisha akasafiri kwenda msibani bila kumwambia mtu. Fundi akauliza nani anapokea.

Nikajua yameisha, nikataka hata kucheka.

Chifu akakohoa. "Mwalimu Mbuyi hana na kosa."

Watu wakapiga makofi. Akangoja watulie.

"Sasa aende kwabo."

Wakapiga makofi tena.

Nilikwenda kuwasaidia kufunga mizigo. Mke wake alikuwa ameketi juu ya godoro. Mbuyi alisimama katikati ya chumba ameshika koti, akaniuliza taratibu kabisa, akiniita kaka kwa Kiswahili cha kwetu: "Yaya, kule Kasai kuko baridi? Nibebe hii? Miye siyafikaka kule."

Nilimwambia alibebe tu, kisha nikatoka nje nikalia.

Somo nililopata ni hili. Nilidhani watu hawajui kwamba kumwonea mtu ni vibaya. Walijua vizuri, na walifurahi kwa dhati alipoonekana hana kosa. Walichotaka ni asiwepo, na kwa hilo hakuna ushahidi ambao ningeweza kuleta.

Mliokuwa Likasi au Kolwezi miaka ile, njooni mseme mlichoona. Na mliopiga makofi pia mnakaribishwa, sitamtukana mtu.