Barabara ya Mahameni

Mheshimiwa aliniteua kuwa katibu wa kamati ya mpango wa matumizi ya ardhi kwa sababu mbili: nina shahada, na siku ya uteuzi sikuwepo kukataa. Yeye ni mwakilishi wetu wa wadi katika bunge la kaunti, mzaliwa wa hapahapa Nyamasaria, pembezoni mwa Kisumu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Mimi ni mtu wa kuja. Nilinunua ploti, nikajenga, kisha nikaanza kuandika makala za kulalamikia mafuriko kana kwamba mvua inanitafuta mimi tu. Majirani waliniita Mwandishi, na mpaka leo sijui kama ni heshima au ni kejeli.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Wataalamu wa kaunti huchora rasimu: hapa makazi, hapa soko, hapa mtaro, hapa barabara. Mwakilishi wa wadi huileta kwa wenyeji, hukusanya maoni na pingamizi, kisha huirudisha irekebishwe kabla bunge la kaunti halijaipitisha. Ramani iliyopigwa kutoka angani huona kila paa, lakini haijui nani analala chini yake. Hilo ni juu ya mwakilishi kulisema.

Katika rasimu yetu kulikuwa na barabara mpya kutoka kwenye lami iendayo Nairobi hadi karibu na mto, na mtaro mpana kando yake. Kila mtu aliitaka. Tatizo ni kwamba ilinyooka kama rula, na rula hiyo ilipita juu ya nyumba ya jirani yangu, mjane anayeuza omena, dagaa wa ziwani, na juu ya kaburi la mumewe lililo mbele ya mlango. Mama huyo hakuwa na nyumba nyingine wala kaburi jingine.

Mheshimiwa hakuamini karatasi. "Karatasi inaogopesha watu," aliniambia. "Wakiiona wanasema ndiyo, halafu kesho wanakuja kulia kwangu." Basi alituita kanisani asubuhi, viti vikatolewa nje, na akina mama wakachora wadi nzima sakafuni kwa majivu: lami, mto, shule, bomba la maji, hata vijia vya ng'ombe. Tukaingia ndani ya ramani, kila mtu akasimama penye nyumba yake. Watu walicheka kuona wanapakana na nani. Mwendesha bodaboda mmoja alilalamika kwamba jirani yake amenenepa kuvuka mpaka.

Nilichukua muda kuona jambo lenyewe. Katika ramani ile, kando ya nyumba ya mama wa omena, palikuwa na sehemu isiyochorwa kitu. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wakibishana, wakisukumana, wakirudi nyuma bila kutazama walikokuwa wakikanyaga, na bado hakuna mguu uliotua pale. Waliizunguka bila kujua kwamba wanaizunguka. Ilikuwa saruji tupu, upana wa mkeka, katikati ya umati.

Mimi, kwa elimu yangu, nikafikiri imeachwa kwa ajili ya msomaji wa ajenda. Nikaenda nikasimama hapo.

Makelele yalikufa kuanzia karibu yangu kwenda nje, hadi nikasikia majivu yakikwaruzwa na viatu mlangoni.

"Mwandishi," Mheshimiwa akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Toka hapo."

"Kwani hapa ni wapi?"

"Toka kwanza. Utauliza ukiwa nje."

Nikatoka. "Na ukifika nyumbani uoge, Prof," mtu wa bodaboda akaniambia. Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na nilipofika nyumbani nilioga.

Pale, nilielezwa, ni *gunda*: mahame, boma la zamani lililoachwa. Kwa nje nilikuwa nimelipita mara nyingi. Ua wake wa minyaa umekua ukawa miti, na ndani hakuna nyumba, ni nyasi tu na makaburi yaliyodidimia. Wengi wa waliokaa humo walikufa, waliosalia wakahama. Walikufa kwa nini sijaambiwa. Kila niliyemuuliza alikumbuka ghafla kwamba ana kazi mahali.

Mtaalamu wa kaunti, bwana mstaarabu mwenye viatu vya kung'aa, aliona suluhisho papo hapo. "Kwenye picha ya setilaiti hii ni ardhi wazi. Barabara ipinde kidogo, ipite hapa. Nyumba ya mama inabaki, kaburi linabaki."

Hakuna aliyepiga makofi. Tulimtazama mama.

"Mimi sijaomba hivyo," akasema.

"Kwa hivyo unataka nyumba ivunjwe?"

"Hilo pia sijaomba, baba."

Mheshimiwa alimpigia simu mrithi wa boma lile, mtu anayeishi mbali sana na ziwa, akaweka spika ili tusikie wote. "Chukueni," sauti ikasema kabla hajamaliza kueleza. "Hata lote."

"Utakuja siku moja utuonyeshe mpaka?"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Ningedhani mambo yameisha, maana mwenye hati amekubali. Lakini wenyeji walisema aliyeulizwa ni yule aliyehama, waliobaki hawajaulizwa. Nikacheka. Nilikuwa peke yangu katika kucheka. Mheshimiwa alifikiri kidogo, akasema, "Sheria inataka kila anayeguswa na mpango apewe notisi na nafasi ya kupinga. Sijaona mahali imesema lazima awe hai." Akanigeukia. "Katibu, utasoma."

Ndivyo nilivyojikuta, mchana kweupe, jua kali la Kisumu utosini, nikiwa nimesimama kwenye mwanya wa minyaa, nikiyasomea majani rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi. Kamati ilisimama nyuma yangu, nje ya ua. Nilisoma kuhusu upana wa hifadhi ya barabara. Nilisoma kuhusu mtaro. Nilijaribu kusoma kwa sauti ya mzaha kidogo, ili nikija kuliandika niwe na pa kujitetea, lakini mzaha ulikataa kutoka. Kulikuwa kimya humo kuliko huku nje. Sauti ya malori kwenye lami, ambayo huku kwetu haikomi, ilikuwa imebaki mahali fulani nyuma ya mgongo wangu.

"Mwenye pingamizi na aseme," Mheshimiwa akamalizia. Tukasubiri, kama tunavyosubiri katika kikao chochote.

Ndipo ikaja harufu ya moshi. Haikuwa ya taka wala ya mkaa. Ilikuwa moshi wa kuni, na ndani yake unga unaoanza kushika sufuria. Mtu anasonga ugali. Niliwatazama wenzangu na kuona pua zao, na kila mmoja akitazama upande asioonekana akinusa. Nyumba ya karibu ni ya mama, na mama alikuwa amesimama nasi.

Mheshimiwa akamwuliza, "Mama, wewe ndiye jirani yao. Wanasema nini?"

Nilimwangalia. Neno moja tu, wamekubali, na nyumba yake ilikuwa imepona. 

"Wanasema wamesikia."

"Wamekubali?"

"Nimekuambia wamesikia, Mheshimiwa. Usiniwekee maneno mdomoni, mimi ndiye ninayebaki nao hapa."

Katika kumbukumbu za kikao niliandika kwamba pingamizi halikutolewa. Ilikuwa kweli, na ni sentensi ambayo sijawahi kuipenda. Rasimu ikarekebishwa, mstari ukapindishwa, vigingi vikapigwa kupita katikati ya mahame. Mama alinipa omena kwa shukrani, nami nikazipokea bila kumtazama sana.

Greda ilikuja kufungua njia ya awali. Ilichonga kutoka kwenye lami hadi kwenye minyaa, ikasimama. Dereva alisema dizeli imeisha. Kesho yake alianzia upande wa mto, akaja hadi kwenye minyaa ya ng'ambo, na dizeli ikaisha tena. Kisha akaondoka, na kati ya vipande viwili vya barabara safi pakabaki nyasi na vigingi.

Watu walianza kuitumia mara moja, maana ni njia fupi. Walishuka kutoka kwenye lami, wakafika kwenye minyaa, wakakata kushoto, wakapita uwanjani kwa mama, mbele ya mlango wake, wakatokea upande wa pili. Waenda kwa miguu, mikokoteni, bodaboda zenye abiria wawili wawili. Kila mmoja alimsalimu kwa adabu akipita. Magurudumu yalianza kula ukingo wa kaburi, na yeye kila jioni alirudisha udongo kwa jembe. Mimi pia nilipita kwake. Ningeweza kusema nilikuwa na haraka.

Mheshimiwa alimwambia ukweli mbele yangu: "Mama, wataalamu wanakuja kutazama mara ya mwisho kabla ya bunge kupitisha. Wakikuta watu wote wanapita kwako, watasema barabara tayari iko hapa. Mstari utarudi juu ya nyumba. Sitaweza kuubishia."

"Waambie watu wapite kwenye vigingi."

"Nimewaambia. Hata mimi," akasita, "hata mimi nimewaambia tu, sijapita."

Asubuhi ya ziara hiyo tulikuta mama ameziba uwanja wake kwa matawi ya miiba, pande zote mbili. Mbele ya minyaa kulikuwa na msongamano: bodaboda zinanguruma, akina mama wa soko la Kibuye na mizigo yao, wanafunzi, mtaalamu wa viatu vya kung'aa, Mheshimiwa, na mimi na mkoba wangu. Hakuna aliyeondoa miiba, na hakuna aliyesonga mbele.

"Mama, tutachelewa!" mtu wa bodaboda akalia.

"Njia hiyo hapo. Si umeonyeshwa? Umepigiwa hata vigingi."

"Tangulia basi!"

Alisimama kidogo, karai la omena kichwani. Nilidhani atarudi kuivuta miiba. Badala yake alivua ndala, akazishika mkononi, akaingia kwenye mwanya.

"Hodi!" akaita, kama mtu anayekatiza katikati ya boma la jirani, kisha akatoa salamu ya asubuhi ya Kijaluo. "*Oyawore!*"

Akanyamaza, kwa muda ambao mtu huhitaji kuitikia. Injini zilikuwa zimezimwa, sikuona nani aliyezima ya kwanza.

"*Oyawore ahinya*," mama akasema, akipiga hatua. "Niko mzima. Mguu tu." Akanyamaza. "Hapana, yule wa kwanza yuko Nairobi. Ameoa." Akanyamaza tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi, kichwa kikiwa kimeinama kidogo chini ya karai, kama unavyomsikiliza mtu mzee asiyeweza kupaza sauti. Akacheka kidogo, kicheko cha adabu. "Nitawaletea. Za leo ni za sokoni."

Mheshimiwa akaingia nyuma yake, akafuatwa na wanawake wa mizigo, kisha bodaboda zikisukumwa kwa mikono. Nami nikaingia. Nyasi zilikuwa baridi hadi kwenye vifundo vya miguu, na hakuna aliyezungumza isipokuwa yeye. Tulikwenda kati ya vigingi mpaka katikati, na hapo mama akasimama, na mstari wote nyuma yake ukasimama.

Alisikiliza. Akageuka polepole kwa sababu ya karai, akatutazama mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwangu alionekana kunionea huruma.

"Wanauliza nyinyi ni akina nani," akasema.