Samli Kwenye Gongo la Hoki

Asubuhi mke wa mwanangu amefungua kibuyu cha samli, na harufu ile imenirudisha kwa nyanya, mama ya baba, aliyenichapa vidole kila nilipochovya. Nyanya alikuwa na mkono mwepesi, na uji wake haukuwa na sukari, lakini hayo tuyaache. Samli hiyo hiyo ndiyo baba mdogo aliyopaka gongo lake la hoki lisipasuke.

Alikuwa beki wa timu ya kiwanda cha chai. Miaka mingi hakupitwa, watu wakamwita Kufuli. Halafu msimu mmoja ukaanza vibaya. Mechi mbili za kwanza mpira ulimpita, na wale wale waliokuwa wakimbeba mabegani wakawa wanapiga kelele, "Kufuli imeshika kutu! Mzee, rudi ukachume chai!"

Mechi ya tatu ilichezwa uwanjani Sironga. Akapitwa tena, tukafungwa bao. Watoto wenzangu wakaniangalia wakicheka, kwa sababu walijua yule ni wa nyumbani kwetu. Nasema ukweli, niliona aibu. Nikapiga kelele kuwashinda wote, "Kutu! Kutu!"

Akageuka, akaja mpaka nilipokuwa.

"Baba, nishikie hili," akasema. Aliniita baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

Nikalishika gongo. Lilikuwa linateleza kwa samli. Akavuka barabara, akaingia katikati ya michai, mechi ikiendelea, na hakurudi tena uwanjani.