Chumba cha Kufulia cha Tursunoy

Mwezi ule mzima wa Aprili Tursunoy aliishi ndani ya chumba ambacho hakikuwapo. Alikichora uani kwa chokaa, hatua tatu kwa hatua mbili, pale ubavuni mwa nyumba lilipobomolewa banda la kuni. Kila alasiri, mumewe akishajilaza, alivua viatu akavuka mstari. Alisimama mbele ya mashine ya kufulia iliyokuwa bado dukani, akageuza kitasa hewani, akasikiliza maji yakiingia. Mvua ikinyesha chumba kilifutika, naye asubuhi alikichora upya, na kila alipokichora kiliongezeka upana kidogo bila yeye kujua.

Maji aliyajua. Miaka ishirini na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha hariri mjini Margilan, akisaka kwa vidole ncha za uzi wa vifuko vya viwavi katika mabeseni ya maji yanayotokota. Akirudi nyumbani alisubiriwa na maji mengine, ya baridi ya mfereji upitao uani, pamoja na nguo za wakwe na mashemeji watatu. Hakulalamika. Wanawake wa rika lake walilelewa wasilalamike, na watu wakawasifu kwa hilo, jambo ambalo mimi hadi leo linanikera.

Sasa yeye ndiye alikuwa mama mkwe. Gulsanam, mke wa mwanawe Elyor, alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa Januari, akaenda kwao kukaa arobaini kama ilivyo desturi. Arobaini ikaisha, asirudi. Elyor alikwenda kumchukua mara mbili akarudi mikono mitupu. Mara mtoto ana mafua, mara njia ina barafu. Safari ya tatu Gulsanam alimwambia kinagaubaga kwamba hatafua tena katika ua ule. Elyor akaanza kuulizia vyumba vya kupanga upande wa pili wa mji. Tursunoy aliyasikia hayo. Mjukuu angemwona sikukuu hadi sikukuu, kama mtoto wa jirani.

Baridi, alijiambia. Ni baridi imemkimbiza. Alikumbuka vidole vya yule binti mwezi wa Desemba, vimepasuka, vimeiva kama nyanya, na tumbo likiwa limemfika puani. Akakata shauri kumjengea chumba cha kufulia.

Basi akapanga. Mashine ikae ukuta wa kaskazini, jirani na mtaro, maji machafu yasitafute njia. Meza iwe kimo cha kiuno, mtu asiiname. Kamba ziwe mbili, ya mashuka mbele na nyingine nyuma yake, maana nguo za ndani za mwanamke hazionwi na baba mkwe. Miaka yote yeye alizianika zake chini ya mashuka mabichi, zikavunda. Napi za mtoto zingekauka humohumo, zisije zikasahaulika nje jua likazama, jambo la mkosi kwa mtoto. Hata mti wa mforosadi wa pale uani aliufikiria, ambao kila mwaka ulimwaga matunda yake meusi kwenye mashuka meupe.

Mzee Mahkam, mumewe, alikuja siku moja na baiskeli yake, akaomba apewe kona.

"Mama Elyor, pale pembeni nitaweka baiskeli na viazi vyangu vya mbegu."

"Kwani viazi vyako vinafua?"

Mzee akaondoka na baiskeli yake.

Kitu alichokipenda Tursunoy kuliko vyote ni dirisha. Alilichora pana, likitazamana na kitanda cha uani alichozoea kukalia kuchambua mchele. Huko ndotoni alimwona Gulsanam akifua, naye akimpitishia bakuli la chai dirishani, wakipiga soga mpaka jioni. Mahali pa kuingilia aliweka pazia. Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja tu wa kufungwa, lango la barabarani. Kwingine kote ni mapazia, na mtu alipita kama upepo.

Ijumaa moja Gulsanam alikuja na mtoto, kutazama tu, alivyosema Elyor. Tursunoy alimshika mkono akamtembeza ndani ya mistari, akimwonyesha hiki na kile kwa furaha. Gulsanam alitazama, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akauliza, macho chini.

"Mlango uko wapi, mama?"

"Nitaweka pazia, mwanangu. Kitambaa nimeshanunua, cha maua."

Gulsanam alimweka mtoto begani. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikusita.

"Mama, baridi niliizoea. Nikisuuza nguo, unaichukua mikononi mwangu unaisuuza tena. Nikikaa kunyonyesha, pazia linafunguka. Nilikuwa natamani mahali pa kujifungia, dakika kumi tu."

Hasira ilimpanda Tursunoy mpaka masikioni. Mimi nani alinipa mlango? Alikuwa na maneno hayo ulimini, na ndipo akakumbuka jambo ambalo hakulifikiria kwa miaka mingi. Kule kiwandani kulikuwa na stoo ya magadi yenye komeo la ndani. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa alijifungia humo kila siku baada ya chakula cha mchana, akalia, akanawa uso, akarudi kazini. Mama mkwe wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu kila mahali.

Tursunoy alipiga hatua, akalifuta dirisha kwa unyayo. Aliona uchungu kweli. Kisha akampokea mtoto, akampa Gulsanam kopo la chokaa.

"Chora wewe."

Gulsanam aliweka mlango upande wa ukuta wa jirani, usikoonekana kutoka kitandani. Dirisha akalifanya dogo, la juu. Mashine akaihamisha, maana mlango ungeigonga. Alipomaliza alibaki ndani, amewapa mgongo.

Mtoto alikuwa amelala. Tursunoy alimlaza kitandani, akamimina chai katika bakuli, akazunguka na njia mpya mpaka mlangoni. Mstari ule angeweza kuuvuka hata mtoto anayetambaa. Aliinua mkono wa kugonga, akakosa pa kugonga. Tangu aolewe hakuwahi kupiga hodi ndani ya nyumba hii, wala hakuna aliyewahi kumpigia yeye.

"Hodi," alisema, na aibu ikamshika.

Akalishika bakuli kwa mikono miwili.

"Subiri kidogo, mama," alijibu Gulsanam bila kugeuka. "Nafua. Mwambie Elyor akazilete nguo za mtoto zilizobaki kwetu."

Tursunoy alisimama na bakuli lake nje ya mstari, akasubiri, chai ikipoa.